Piano ya ukumbi na unyevu wa hewa: kiyoyozi cha ukumbi mzima, chumba cha piano, au mfumo wa ndani ya piano?

Masika yakiisha, fundi hufungua piano ya ukumbi na kukuta noti za katikati zimepanda, besi ziko karibu palepale, na kii mbili tatu zinarudi kivivu baada ya kubonyezwa. Hakuna aliyeigusa kwa wiki sita. Kilichobadilika ni hewa.

Chini ya nyuzi za piano kuna ubao wa sauti, kipande kipana cha mbao ya sprusi chenye unene wa takriban milimita 8 hadi 10, kilichopindwa kidogo kuelekea juu. Hewa ikiwa na maji mengi ubao hunywa, huvimba kwa upana, na mgongo wake huinuka. Ukiinuka unasukuma daraja, kibao ambacho nyuzi hupita juu yake, na daraja linakaza nyuzi. Hewa ikikauka, mgongo unashuka na sauti inashuka nao. Nyuzi zaidi ya 220 zinavuta fremu kwa nguvu inayokaribia tani 20, kwa hiyo hata mwendo mdogo wa ubao unasikika, hasa katika oktavu za katikati ambako daraja liko mbali na kingo. Ndiyo maana piano iliyoathiriwa na unyevu haipandi yote kwa pamoja. Inapinda katikati, na hilo ndilo linaloudhi sikio.

Mafundi wengi hutaka unyevu kati ya asilimia 45 na 55. Lakini piano inayokaa kwenye 60 mwaka mzima ina maisha marefu kuliko inayopelekwa 45 siku ya tamasha na kurudishwa 80 kesho yake. Kupanda na kushuka ndiko kunakopasua ubao, kulegeza pini zinazoshikilia nyuzi na kushindisha fundi kazini. Jambo hili ndilo linaloamua sehemu kubwa ya ulinganisho huu.

Kabla ya kununua chochote, pima

Nunua vipimaunyevu viwili vya bei ya kawaida, uvihakiki kwa chumvi ya mezani. Jaza kifuniko cha chupa ya soda chumvi, dondoshea maji mpaka iwe kama uji mzito, isiwe maji ya chumvi. Weka kifuniko na kipimo ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, funga, acha saa 12 mahali pasipo na jua. Hewa ndani ya mfuko itatulia kwenye asilimia 75. Kipimo kikisoma 70, andika kwa kalamu mgongoni mwake: "ongeza 5". Kimoja kikae chini ya piano, karibu na ubao wa sauti, kingine ukutani mbali na milango. Andika asubuhi, saa nane mchana na usiku, angalau kwa wiki mbili, na ikiwezekana upate wiki moja ya masika na moja ya kiangazi. Ukumbi usio na namba hizi hununua mashine kwa kubahatisha.

Tunalinganisha kwa vigezo gani

Vitano: uthabiti wa unyevu, umeme (pamoja na kinachotokea unapokatika), kelele wakati wa onyesho, kazi ya kila wiki, na kinachoharibika. Bei ya kununua sikuiweka peke yake, kwa sababu hutegemea nchi, ushuru na jengo. Mara nyingi bili za miaka mitano huzidi ile ya siku ya kwanza.

Njia ya kwanza: kiyoyozi cha ukumbi mzima

*Uthabiti.* Ikiendeshwa vizuri, hakuna inayoishinda. Inalinda piano, besi kubwa na selo zilizoachwa nyuma ya jukwaa, sakafu ya mbao, paneli za ukutani na vitambaa vya viti. Royal Opera House Muscat, iliyofunguliwa mwaka 2011 kwenye joto na unyevu wa pwani ya Oman, ni aina ya jumba ambalo mtu hawezi kuliwazia bila mfumo wa namna hii. Sydney Opera House hupooza mashine zake kwa maji ya bahari ya bandarini.

Tatizo ni kwamba wengi hununua ubaridi wakidhani wamenunua ukavu. Tupige hesabu. Hewa ya Dar es Salaam au Mombasa yenye joto la nyuzi 28 na unyevu wa asilimia 80 hubeba karibu gramu 22 za maji katika kila mita ya ujazo. Ipooze hadi nyuzi 24 bila kutoa maji: hewa ya nyuzi 24 haiwezi kubeba zaidi ya hizo gramu 22, kwa hiyo umeifikisha asilimia 100. Ili upate asilimia 50 kwenye nyuzi 24 lazima zibaki gramu 11 tu. Hiyo ina maana koili, mabomba ya baridi ndani ya kiyoyozi, iwe na baridi ya chini ya nyuzi 13, na hewa ikae juu yake muda wa kutosha ili maji yachuruzike. Kiyoyozi kilichozidi ukubwa hakifanyi hivyo. Kinafikisha nyuzi 24 kwa dakika chache, kompresa inazima, feni inaendelea, na maji yaliyokuwa kwenye koili yanarudi ukumbini. Watu wanahisi baridi ya kunata, na piano inavimba. Mfumo uliosanifiwa kwa ukumbi hupooza hewa kupita kiasi ili kuikamua maji, kisha huipasha tena kidogo kabla ya kuitoa.

*Umeme.* Mtu aliyekaa hutoa joto la takriban wati 100. Watu 300 ni kilowati 30, na mashine inayotoa uniti tatu za ubaridi kwa uniti moja ya umeme itatumia kilowati 10 kwa ajili ya miili tu, kabla ya taa. Hilo linavumilika. Lisilovumilika kwa wengi ni ukumbi mtupu: maonyesho 40 ya saa tatu ni saa 120, na mwaka una saa 8,760. Zilizobaki zote mashine inatakiwa kufanya kazi. Ukizima usiku ili kuokoa pesa umejichagulia ubaya kuliko kutokuwa na kiyoyozi kabisa, maana fremu ya chuma na nyuzi bado ni za baridi mlango unapofunguliwa asubuhi, na hewa ya nje inaweka umande juu yake kama kwenye chupa ya maji iliyotoka kwenye friji. Nyuzi zinaanza kutu hapo.

*Kelele.* Hapa ndipo mifumo ya bei nafuu hushindwa. Kiyoyozi cha kawaida cha ukutani kikiwa kwenye feni ya juu hufika desibeli 40 na ushei, na sauti ya chini kabisa ya piano inamezwa. Kumbi zilizojengwa kwa muziki hutumia mabomba mapana na hewa ya polepole, chini ya mita mbili kwa sekunde kwenye matundu, mara nyingi kutoka chini ya viti. Ukumbi wenye viyoyozi vya ukutani hulazimika kuvizima wakati wa onyesho, na hapo kuna hesabu nyingine. Kila msikilizaji hutoa karibu gramu 50 za mvuke kwa saa. Watu 300 kwa saa moja na nusu ni lita 22. Ndani ya ukumbi wa mita za ujazo 2,400 uliofungwa, hizo ni gramu 9 zaidi kwa kila mita, yaani karibu maradufu ya ulichokuwa nacho. Zima basi, ila washa tena wakati wa mapumziko.

*Kazi.* Kuosha machujio kila mwezi (kando ya barabara ya vumbi, kila wiki mbili), kumwaga maji safi kwenye trei ya koili kuona kama yanatoka, kusoma vipimo kila siku. Inahitaji mkataba na fundi wa majokofu, na mtu wa jengo anayeelewa kwa nini swichi haiguswi.

*Kinachoharibika.* Zaidi ya yote, bomba la kutoa maji linaziba kwa utelezi wa kijani, trei inafurika, na tone linaanguka palepale piano ilipo. Usiruhusu tundu la hewa au kiyoyozi juu ya eneo la piano, wala hewa ielekezwe kwenye jukwaa moja kwa moja.

Njia ya pili: chumba cha piano

Badala ya kukausha mita 2,400, unakausha 60. Kumbi nyingi kubwa zina chumba cha namna hii pembeni ya jukwaa. Vingine viko chini yake na piano hupanda kwa lifti.

*Uthabiti.* Ni mzuri sana piano ikiwa ndani, na haupo kabisa ikiwa nje. Piano ya tamasha kama Steinway D ina urefu wa sentimita 274, upana wa 157 na uzito wa kilo 480. Chumba cha mita 5 kwa 4 kinaitosha na kubakiza nafasi ya fundi kuzunguka, na mlango usipungue sentimita 180, usio na kizingiti. Kuta na dari zipigwe rangi ya mafuta au ziwekewe karatasi ya plastiki nyuma ya bodi, kwa kuwa matofali yasiyopakwa kitu hupitisha mvuke. Mlango uwe na mpira pembeni na brashi chini.

Mashine ya kukausha hewa ndipo watu hudanganyika. Chumba cha mita za ujazo 60 kinachovuja nusu ya hewa yake kila saa huingiza karibu lita 8 za maji kwa siku pwani. Mtu ananunua mashine ya "lita 10" akijiona ana ziada. Lakini namba ya kwenye boksi imepimwa kwenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80. Hewa ikishakaribia asilimia 50, mashine hiyohiyo hutoa nusu au theluthi yake. Nunua ya lita 20 hadi 25, ya kompresa, siyo zile ndogo za kabatini.

*Umeme.* Ni wati 300 hadi 500 mashine ikiwa inavuta, na chumba kikishatulia haivuti muda wote. Kila lita inayonaswa huacha chumbani joto la karibu uniti 0.7, kwa hiyo chumba kisicho na njia ya kupoa kitapanda joto. Kiyoyozi kidogo cha inverta kwenye nyuzi 25 kinatosha. Umeme ukikatika, chumba kilichozibwa vizuri hushikilia hali yake kwa saa kadhaa bila msaada wowote, kwani mbao na felti zenyewe hutoa na kupokea unyevu. Hakikisha mashine ni ya aina inayojiwasha yenyewe umeme ukirudi. Zenye vitufe vya kugusa nyingi hubaki zimezima, na hakuna anayejua hadi Jumatatu.

*Kelele.* Hakuna. Mashine iko nyuma ya mlango.

*Kazi.* Hapa ndipo inapogharimu, na siku ya onyesho ndiyo ngumu. Piano itoke angalau saa nne kabla ya mlango kufunguliwa. Watu wanne: wawili upande ulionyooka, mmoja mkiani, mmoja mbele anaangalia sakafu na nyaya. Sukuma kwenye kingo za mwili, kamwe si kwenye miguu. Mguu huvunjika gurudumu linaponasa kwenye waya au ufa, huku wote nyuma wakiendelea kusukuma. Isimame saa mbili kabla ya kutyuniwa, na taa za jukwaa ziwe zimewashwa kama zitakavyokuwa usiku. Ubao wa sauti hubadilika kwa siku kadhaa, lakini nyuzi za chuma hubadilika kwa dakika. Taa zikizipasha zinarefuka na sauti inashuka. Fundi aliyetyuni gizani kwenye baridi amefanya kazi ya ukumbi mwingine. Baada ya mazoezi apewe nusu saa ya kurudia, kisha onyesho likiisha piano irudi ndani usiku uleule.

*Kinachoharibika.* Tabia za watu. Chumba kinageuka stoo ya viti, mlango unazuiwa kwa tofali ili "hewa iingie", ndoo ya mashine inajaa na mashine inajizima. Hilo la mwisho lina dawa rahisi: toa ndoo, unganisha mpira wa maji unaoteremka hadi nje bila kupinda kwenda juu popote.

Chumba hicho kina faida ya ziada kwa kumbi za pwani. Ganuni ya taarabu ina ngozi chini ya daraja, na ngozi hulegea kwenye unyevu kuliko mbao yoyote. Rafu moja ukutani, na ganuni, fidla na udi vinakaa pamoja na piano.

Njia ya tatu: mfumo unaofungwa ndani ya piano

Unaojulikana zaidi ni wa kampuni ya Dampp-Chaser. Kwa piano ya kulala hufungwa chini ya ubao wa sauti: fimbo za joto za kukausha, tangi la maji lenye vitambaa vya kulowesha, kidhibiti kinachoamua kipi kiwake, na kitambaa cha kufunika chini.

*Uthabiti.* Inategemea uko wapi. Fimbo haiondoi maji kwenye hewa, inapasha hewa tu ili asilimia ishuke. Hewa ya nyuzi 28 na unyevu wa 80 ukiipasha hadi 31 inafika 68. Siyo 50. Kwa hiyo Tanga au Unguja, kwenye ukumbi wa madirisha wazi, mfumo huu hupunguza makali ya masika na kukinga ukungu chini ya piano, lakini hautafanya muujiza. Nairobi, Dodoma au Lubumbashi mambo ni tofauti: kuna miezi mikavu ambapo hewa ya mchana hukauka sana, kisha mvua. Hapo tangi na fimbo hupokezana kazi, na mfumo unastahili pesa yake. Kumbuka pia kwamba unalinda zaidi ubao wa sauti. Nyundo, pini za kii na nyuzi za juu hupata faida ndogo, hasa kifuniko kikiachwa wazi.

*Umeme.* Mdogo kuliko zote. Fimbo mbili za wati 25 zikiwaka kutwa kucha ni uniti 1.2. Agiza ya volti 230. Zinazoletwa kama zawadi kutoka Marekani huwa za 110, na transfoma ya njiani ni kitu kimoja zaidi cha kusahau.

*Kelele.* Hakuna.

*Kazi.* Kuongeza maji taa ya njano ikiwaka, kubadilisha vitambaa karibu kila miezi sita. Usitumie maji ya kisima chenye chumvi. Vitambaa hukakamaa kwa chokaa na maji hayapandi. Pwani mwambie fundi asifunge tangi kabisa, afunge fimbo na kidhibiti pekee. Baada ya kufunga subiri wiki mbili kabla ya kutyuni, ubao upate kutulia.

*Kinachoharibika.* Plagi. Piano inasogezwa kwa ajili ya kwaya au mkutano, waya unachomolewa, na haurudishwi. Kata kipande cha kanda nyekundu, ukifunge kwenye waya, uandike "RUDISHA". Kosa la pili ni fimbo iliyofungwa bila kidhibiti: mwezi wa mvua inaonekana imefanya kazi nzuri, kisha kiangazi inaendelea kukausha hadi pini zinalegea na ubao unapasuka.

Ipi kwa nani

Ukumbi mpya ambao bado uko kwenye michoro, wenye viti zaidi ya 500, ratiba iliyojaa na bajeti ya umeme iliyoandikwa: mfumo wa ukumbi mzima, pamoja na chumba cha piano, maana mita 20 za mraba kwenye mchoro ni rahisi kuliko kubomoa ukuta baadaye. Mwambie mhandisi namba mbili, nyuzi 24 na asilimia 50, na umtake aonyeshe hewa inapashwa wapi baada ya kukamuliwa.

Ukumbi uliopo pwani, wa madirisha na feni, wenye onyesho moja au mawili kwa mwezi: chumba cha piano. Ofisi isiyotumika karibu na jukwaa inatosha ikiwa njia kutoka hapo haina ngazi. Kama ngazi zipo, usijidanganye kwamba kilo 480 zitabebwa kila mwezi. Fikiria njia ya tatu na kifuniko kizito cha kitambaa, ukikubali kutyuni mara nne au tano kwa mwaka.

Kanisa, shule au chuo cha muziki nyanda za juu ambako piano inachezwa kila siku na haiwezi kufungiwa: mfumo wa ndani, wenye tangi. Mteue mtu mmoja kwa jina wa kuangalia taa.

Ukumbi wa kukodisha, leo harusi, kesho kongamano, keshokutwa watoto wa ballet: chumba, hata kama nyanda za juu, na hapa sababu ni kufuli kuliko unyevu. Soda iliyomwagika kwenye kii haina mfumo wa kuizuia. Unaweza kuongeza fimbo ndani ya piano hiyo kwa ajili ya siku inapobaki jukwaani.

Na aliyekwisha kuweka viyoyozi vya ukutani ambavyo huwashwa siku ya tamasha peke yake: kwa sasa, acha kuviwasha saa moja kabla. Viwashe siku mbili kabla, piano ikiwa imefunikwa, visizimwe usiku, na baada ya onyesho vipandishwe nyuzi moja kila saa chache badala ya kuzimwa kwa mara moja. Wakati huo vile vipimo viwili viendelee kuandika. Mwisho wa masika utakuwa na karatasi inayoonyesha ni saa ngapi unyevu ulipita 65, na fundi wa piano akiisoma atakwambia kwa dakika tano ni njia ipi inaanza kukulipa.